Sungura wa tatu naye nimemtupa. Nakosea wapi?

Mwanagenzi:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana nahisi kosa langu limejificha kwenye vitu vidogo.

Nimeanza kuwinda sungura wa mwitu mwaka huu. Kibali ninacho, mwenye shamba ameniruhusu, na bunduki yangu ni ya upepo, milimita 5.5. Kabla ya hapo nyama yote niliyowahi kula niliikuta imeshakatwa. Nilitaka nimjue mnyama ninayemla, amekufaje na kwa mkono wa nani. Sasa wamekufa watatu kwa mkono wangu na sijashiba hata mmoja. Hilo linanikosesha usingizi.

Wa kwanza nilimpiga kwenye hatua kama hamsini, risasi ikaingia tumboni. Nilimfikia kabla hajaingia shimoni, nikammaliza. Nilipompasua nikakuta majani aliyotafuna yamechanganyika na damu mpaka mapajani. Nikamfukia.

Wa pili nilimpata vizuri, lakini jioni ilikuwa bado changa nikataka kusubiri mwingine. Nikamtia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikausukuma chini ya mkoba. Saa tatu baadaye tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma na nyama ya ubavuni imeshika rangi ya kijani.

Wa tatu ni juzi. Hatua ishirini, kichwani, hata sikio halikucheza. Nikasema huyu simpotezi. Nikampasua palepale, kisu kikazama kidogo tu kuliko nilivyotaka, kibofu kikapasuka, mkojo ukatiririka ndani ya kiuno. Niliosha mno. Nikamchuna, manyoya yakaganda kwenye nyama kama vumbi kwenye asali. Nikamkata vipande nikamkaanga, na tangu afe haikuwa imepita hata saa moja na nusu. Nyama ikawa ngumu, naitafuna inarudi, na harufu ya mkojo iko palepale. Nilimeza kipande kimoja.

Halafu nikaligeuza ini, ambalo nilikuwa nimeliweka pembeni. Lina vidoa vyeupe. Nikatupa kila kitu.

Naomba mwenye uzoefu aniambie: mnatoaje matumbo bila kupasua kitu? Manyoya mnayafanyaje? Na hivyo vidoa ni nini?

Babu Mtegaji:

Mjukuu wangu, pole. Vidoa hivyo nawaachia wataalamu, nami naomba mtaalamu aje upesi. Hayo mengine nayajua, kwa sababu nimewinda sungura tangu magoti yangu yakiwa mazima.

Nianze na bunduki. Hatua hamsini ni mbali kwako. Chukua karatasi, uibandike kwenye boksi, piga risasi tano ukiwa umepiga goti namna unavyopiga porini. Zile tundu tano zikifunikwa na sarafu moja, hapo ndipo umbali wako ulipo. Zisipofunikwa, sogea karibu. Kwa bunduki ya upepo wengi wetu umbali huo hauvuki mita 25 au 30, na hakuna aibu. Lenga kati ya jicho na sikio. Kama kichwa hukioni sawasawa, usipige. Sungura aliyejeruhiwa ana kazi moja tu, kufika shimoni, na akifika amekufa bure na amekufa kwa maumivu.

Sasa utasema, nitamsogeleaje? Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, na juu pia. Lakini kinachomshtua ni mwendo kuliko umbo. Nenda saa moja kabla ya jua kuzama, upepo ukupige usoni, kaa chini mgongo wako ukiegemea kichaka, na usitembee. Acha yeye aje. Utajua wanapotokea kwa kinyesi: kikiwa cheusi na kina mng'ao kidogo, ni cha leo, kikiwa kimepauka na kinavunjika vidoleni kama udongo mkavu, hapo wamehama. Ukisikia mguu unapigwa chini, dub, jua umeonekana. Tulia. Wakati mwingine baada ya robo saa wanatoka tena.

Tuje kwenye mkojo, maana hapo ndipo umeumia. Kabla hujagusa kisu, mara tu baada ya kuhakikisha amekufa, mnyanyue kwa miguu ya mbele, kichwa juu, tumbo likutazame. Weka kidole gumba chini ya mbavu, ukishushe polepole kwa kukandamiza mpaka katikati ya mapaja. Mkojo utatoka wenyewe, mchirizi mmoja, kwenye nyasi. Rudia mara mbili. Huna kibofu tena cha kuogopa. Kazi yote haifiki nusu dakika, na sijui kwa nini watu wanaisahau.

Kisha matumbo, na yatoke hapohapo porini. Sungura ni mnyama mdogo mwenye tumbo kubwa la majani yanayochacha, na joto lake linaendelea kuyapika hata akiwa amekufa. Huyo wako wa pili aliharibiwa na plastiki. Mlaze chali. Finya ngozi ya tumbo juu ya kitovu, ivute juu kabisa iachane na kilicho chini, utoboe tundu la kuingia vidole viwili. Ingiza vidole, kucha zikitazama matumbo, uvinyanyue viwe kama hema, na kisu kipite katikati yake makali yakiwa juu. Ncha ya kisu isitazame chini hata mara moja. Pasua mpaka kwenye kifua. Kisha mwinamishe, matumbo yatateremka kwa uzito wao, wewe unasaidia kwa vidole. Pale nyuma, kati ya mapaja, kuna mfupa umeziba njia ya mwisho ya utumbo. Ukandamize kwa kisu uachane, utoe vile vikunde vya kinyesi vilivyobaki. Ukiviacha hapo, harufu inaingia mapajani.

Ini litoe kwa adabu. Nyongo imejibana juu yake, kifuko cha kijani kisichozidi punje ya haragwe. Usikivute. Kata kipande cha ini pamoja nacho utupe vyote, ini halitakulaumu.

Ukimaliza, mning'inize kivulini penye upepo, kifua kikiwa wazi, umtegee kijiti katikati ya mbavu. Usimrundike juu ya mwenzake. Nzi wakiwa wengi, mfunike kwa kitambaa chepesi, lakini apumue.

Manyoya ni hivi: wewe umemchuna kuanzia tumboni ulipokuwa umepasua, ukikatakata. Ngozi ya sungura haihitaji kukatwa, inahitaji kuvutwa. Finya mgongoni katikati, kata kwa upana, tundu la vidole viwili tu kila upande. Ingiza vidole kushoto na kulia, uvute kwa mara moja, mkono mmoja uelekee kichwani na mwingine mkiani. Inavuka kama shati la mtoto aliyenyeshewa: inang'ang'ania kidogo mabegani, halafu inaachia. Miguu unaivua moja moja kama mikono ya shati, unakata kwenye kifundo. Kila unapokata ngozi, kisu kitoke ndani kwenda nje, ili unywele usukumwe badala ya kukatwa. Unywele uliokatwa ndio unaoganda kwenye nyama. Na mkono ulioshika manyoya usishike nyama. Wa kushoto manyoya, wa kulia nyama, mpaka mwisho.

Jambo moja sikuulizwa lakini nitalisema. Jike likiwa na maziwa, ujue chini kuna watoto uchi, vipofu, wanaomsubiri. Mimba yake ni mwezi mmoja tu. Katika msimu wa kuzaa, kama sheria ya kwenu haijafunga uwindaji, jifungie mwenyewe.

Tabibu wa Wanyama:

Mwanagenzi, ninaomba ujibu haya kwanza. Vidoa vilikuwa vidogo kama ncha ya sindano, vingi, vimesambaa ini zima? Au vilikuwa vikubwa, vimeinuka, vimejipanga kama michirizi? Au vilikuwa vifuko vya maji vinavyopitisha mwanga? Na wengu uliliona? Ulivaa glavu?

Nauliza hivyo kwa sababu zipo hali tatu tofauti.

Vifuko vya maji, kama punje ndogo za zabibu, vikining'inia kwenye utando wa matumbo au vimeshikana na ini, ni mtoto wa minyoo tegu. Mnyoo mwenyewe anakaa kwa mbwa na mbweha. Binadamu hampati kutoka kwa sungura, na nyama inalika ukiviondoa. Ila mbwa wako usimpe matumbo mabichi, utakuwa unauendeleza mzunguko uleule.

Vinundu vyeupe au vya rangi ya maziwa, vikubwa kidogo, vinavyofuata mifereji ya nyongo, mara nyingi ni koksidia, vimelea vya sungura wenyewe. Havimshiki binadamu. Ini litupe, nyama uipike vizuri.

Hali ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haraka: vidoa vidogo sana, vingi mno, kwenye ini na kwenye wengu, wengu likiwa limevimba na kuwa jeusi. Hiyo inaweza kuwa tularemia, homa ya sungura. Ipo hasa kwenye nchi za kaskazini mwa dunia. Jina lake limetoka Tulare, California, ambako ilitambuliwa mwaka 1911 kwa kindi wa ardhini. Bakteria wake wachache sana wanatosha kumwambukiza mtu, na wanapita kwenye mkwaruzo mdogo wa kidole, jichoni, au kwa kupumua. Kupe naye huwasambaza. Kugandisha nyama kwenye friza hakuwaui. Moto unawaua.

Kwa hiyo glavu kila mara, hata kama unaharakisha, hata kama mikono yako haina kidonda unachokiona. Ukiona ini la namna hiyo, acha kukata, mfunge mnyama kwenye mifuko miwili au mfukie kina ambacho mbwa hafukui, osha kisu kwa maji ya moto na sabuni, uwaarifu maofisa wa mifugo. Na mnyama umtazame kabla ya kufyatua: sungura anayekuacha umkaribie bila kukimbia, anayeyumba, au ambaye macho yamevimba na kutoa usaha, usimchukue kwa chakula. Macho ya namna hiyo mara nyingi ni miksomatosi, ugonjwa wa sungura ambao haumpati binadamu, lakini mnyama mgonjwa si kitoweo.

Dalili za tularemia kwa mtu hutokea mara nyingi siku 3 hadi 5 baada ya kuambukizwa, ingawa zinaweza kuchukua hadi wiki mbili: homa ya ghafla, kidonda pale bakteria walipopita, na tezi zilizovimba kwapani au kinenani. Inatibika kwa antibiotiki, sharti daktari aambiwe mapema kwamba ulichuna sungura. Bila kuambiwa hatalifikiria.

Mwanagenzi:

Babu, shikamoo, na ahsante. Tabibu, ahsante sana. Sikuvaa glavu. Vidoa vilikuwa vikubwa kiasi, kama punje za mtama, vimejipanga kwenye mstari unaopinda. Wengu sikulitazama, nilikuwa sijui hata liko wapi. Kidoleni sina kidonda. Nikipata homa ndani ya wiki mbili naenda hospitali na nitasema neno sungura kabla ya kukaa kwenye kiti.

Tabibu wa Wanyama:

Kwa maelezo hayo naelekea kwenye koksidia, lakini kwa maneno tu siwezi kukuhakikishia. Hizo wiki mbili zihesabu kweli. Wengu utaliona limelala kando ya tumbo la chakula, jembamba kama ulimi mdogo, rangi ya damu iliyoiva. Jifunze kulitazama kwa kila mnyama, hata aliye mzima, ili siku ukikutana na lililovimba ulijue.

Msafiri:

Mimi harufu naimaliza kwa siki. Nalaza nyama usiku kucha kwenye siki, asubuhi haina harufu yoyote.

Mama Sufuria:

Msafiri, mwanangu, haina harufu na haina ladha. Siki kali usiku kucha inaipika nyama juu kwa ukali wake, inakuwa nyeupe na kavu kama karatasi. Ukiona unahitaji siki kiasi hicho, kuna kosa lilishafanyika nyuma. Chumvi inatosha: maji baridi, chumvi kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita, masaa manne mpaka usiku mmoja, ndani ya friji. Maji yakiwa mekundu sana, yamwage uweke mengine. Yanatoa damu tu, ladha ya mnyama inabaki.

Mwanagenzi, ugumu wa nyama yako una sababu mbili, na zote ni za muda.

Ya kwanza, ulimpika wakati anakakamaa. Mnyama akifa misuli inalegea, halafu inakaza, halafu inalegea tena. Wewe ulimtia kikaangoni wakati inakaza. Mweke kwenye friji siku moja au mbili, akiwa ameshachunwa na kufunikwa, ndipo umpike.

Ya pili, hukuuliza umri wake. Sungura mdogo masikio yake ni laini, ukiyavuta pembeni yanachanika kwa urahisi, kucha zina ncha kali, na taya la chini linavunjika ukilibana kwa vidole. Huyo mkaange, mchome, fanya upendavyo. Mzee ana masikio magumu kama ngozi ya kiatu na kucha butu zilizosagika. Huyo kikaango si mahali pake.

Kabla ya kupika, tafuta tezi. Mimi mtu aliyenifundisha alinishikisha kidole ndiyo maana sisahau. Kwapani, chini ya miguu ya mbele, na kwenye mgongo wa chini karibu na mkia, kuna vijidonge vya rangi ya nta, laini, vidogo kama dengu. Si mafuta, mafuta yanateleza na haya yanabaki umbo lake. Yatoe kwa ncha ya kisu bila kuyapasua. Harufu nyingine uliyodhani ni mkojo nadhani ilitoka hapo.

Kukata ni rahisi kuliko kuku. Mguu wa mbele haujaungana na mwili kwa mfupa, umeshikwa na nyama tu, pitisha kisu chini ya bega utoke wote. Mguu wa nyuma fuata mkunjo wa paja mpaka ukutane na kiungo, kivunje kwa mkono, kata. Kinachobaki ni mgongo, na pande mbili za uti ndipo ilipo sarara, nyama tamu kuliko zote. Kuna utando mweupe unaong'aa juu yake, uchune kwa kisu chembamba, maana huo hausikii moto, unajikunja na kuibana nyama.

Mzee mpike hivi. Vipande uvikaushe kwa kitambaa, uvipake chumvi, uvikaange kwenye mafuta mengi kiasi kila upande mpaka vipate rangi ya udongo mwekundu. Mafuta usiyaonee uchungu, sungura hana mafuta yake. Vilhjalmur Stefansson, aliyezunguka Aktiki, aliandika kuhusu watu wa misitu ya kaskazini waliobaki na sungura tupu wa kula: wanakula milo mikubwa na njaa haiwatoki, mpaka wapate mafuta. Toa nyama, weka vitunguu, viive, rudisha nyama, maji yafike nusu ya vipande, funika. Moto uwe mdogo mpaka uone kiputo kimoja kimoja kinapanda. Saa moja na nusu, pengine mbili na zaidi. Sarara iingize mwishoni, nusu saa inaitosha. Usitazame saa, tazama mfupa wa paja: nyama ikirudi nyuma na mfupa ukachomoza, kaonje. Kama una kipimajoto, ndani pafike nyuzi 74, ndipo moyo wa Tabibu utulie.

Mwanagenzi:

Ni siku ya 16 leo. Homa sikupata, na nimemfuata daktari hata hivyo, nikamweleza, akanipima akaniambia niko salama.

Jana jioni nilirudi. Karatasi ilikuwa imeshaniambia ukweli: umbali wangu ni hatua 22. Nilikaa chini ya kichaka mpaka mguu mmoja ukafa ganzi. Walitoka wawili kwenye hatua kama arobaini, nikawatazama wakila, sikuinua bunduki. Wakarudi. Karibu na giza alitoka dume mmoja, akasimama kwa miguu miwili hatua kumi na saba kutoka nilipo. Alikufa bila kujua.

Babu, ule mchirizi wa mkojo ulitoka. Nilisimama pale nikiwa nimemshika nikaona nyasi zinalowa, nikahisi kama mtu amenitua mzigo kichwani. Vidole viliingia tumboni, bado kuna joto, kisu kikapita katikati yake na hakuna kilichopasuka. Ini ni jekundu, laini, halina alama. Wengu nililiona, jembamba, likiwa palepale Tabibu aliposema. Ngozi iling'ang'ania mabegani, nikavuta kwa nguvu zaidi kidogo, ikaachia. Nywele nilipata mbili tu kwenye paja la kushoto.

Masikio yake ni magumu. Mama, naona huyu ni mzee. Yuko kwenye maji ya chumvi sasa hivi, nimetoa tezi tatu na naitafuta ya nne, ya kwapa la kulia. Siioni. Inaweza kuwa imezama ndani ya nyama ya bega?

Mama Sufuria:

Inua huo mguu wa mbele mpaka ukaribie kichwa, utazame kwenye kikunjo cha ndani, chini ya kijinyama chembamba kinachofanana na jani. Iko hapo. Ukiipata, badilisha maji, ulale. Kesho kutwa ndiyo umweke motoni.